Ijumaa yako haikuanzia kwenye mrija: jibu kwa aliyerudia pombe baada ya miezi mitatu ya matibabu

"Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Nimekunywa waragi, ile pombe kali yetu, miaka 12, na miaka minne ya mwisho nilikunywa kila siku, chupa ndogo mbili au tatu. Mwaka jana asubuhi moja nilikosa pombe, nikaanguka na kutukutika kama mwenye kifafa. Ndugu zangu waliuza ng'ombe wawili nikapelekwa kituo cha matibabu, nikakaa miezi mitatu. Nilirudi nyumbani nikiwa mzima. Wiki ya tano, siku ya Ijumaa, nililipwa pesa ya malori matatu. Nikapita kwa rafiki kuchukua chaja yangu ya simu, nikamkuta kwenye malwa, ile pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija. Nikasema nivute mrija kidogo tu, nisionekane najidai. Usiku huo niliishia kwenye waragi, nikanywa siku nne. Leo ni siku ya tisa sijagusa. Mke wangu anasema nimerogwa, na jirani amemwambia kuna vidonge vya kutia kwenye chai ya mlevi bila yeye kujua. Mtaalamu wa saikolojia kule Mbale anataka nianze tiba inayoitwa CBT, vikao 12, kimoja kila wiki. Nauli peke yake ni mzigo. Je, maneno yanaweza kutoa pombe iliyozoea mwili? Hii si tiba ya wazungu wanaopenda kuongea? Na ile miezi mitatu, imepotea bure?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu, lakini naona linalokunyima usingizi ni hilo la mwisho. Ng'ombe wawili wameuzwa, na wewe umerudi kwenye chupa. Nianze hapo. Miezi mitatu haikupotea. Ilifanya kazi moja, ikaifanya vizuri: ilitoa pombe mwilini kwa usalama, ukalala, ukala, na ubongo ukapata nafasi ya kutulia. Kazi ya pili haikuweza kuifanya, kwa sababu ndani ya kituo hakuna Ijumaa ya malipo, hakuna malori matatu, wala rafiki aliyekaa mbele ya chungu cha malwa. Kuishi bila pombe Malaba hufundishwa na kufanyiwa mazoezi ukiwa Malaba. Hiyo ndiyo kazi ya tiba unayoulizia, na ni kawaida kabisa kuanza nayo baada ya kutoka kituoni. Nasikitika tu kwamba hukuambiwa hivyo siku ya kuondoka.

Kabla sijaendelea, lazima niseme jambo la usalama, maana umelitaja kwa haraka kama kitu kidogo. Ile asubuhi uliyoanguka na kutukutika ni dalili nzito. Chupa ndogo ya mililita 200 ya waragi yenye nguvu ya asilimia 40 ina takriban gramu 63 za pombe halisi. Kwa chupa mbili au tatu, mwili wako ulikuwa unapokea kati ya gramu 126 na 190 kila siku. Ubongo uliozoea kiwango hicho hujirekebisha ili uendelee kufanya kazi ukiwa umezamishwa kwenye pombe. Ukiiondoa ghafla, ubongo unabaki umewaka bila breki. Mikono huanza kutetemeka na jasho kutoka ndani ya saa 6 hadi 24. Kutukutika hutokea zaidi kati ya saa 6 na 48. Ile hali mbaya kuliko zote, ya kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, homa na moyo kwenda mbio, huja siku ya pili hadi ya nne, na inaua. Aliyewahi kutukutika mara moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi safari inayofuata.

Safari hii ulikunywa siku nne, ukaacha mwenyewe, ukapita salama. Siku ya tisa dirisha hilo la hatari limeshafungwa. Lakini ikitokea tena umekunywa siku kadhaa mfululizo, usijifungie nyumbani kuacha kwa nguvu, na usiendelee "kutoa loki", yaani kunywa tena asubuhi ili kutuliza mwili, ukidhani unajitibu. Nenda hospitali. Pale watakupa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepamu, kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Vitamini hiyo watu huidharau, ila mlevi wa muda mrefu akiikosa anaweza kupata madhara ya ubongo yasiyorudi nyuma. Hili la kutetemeka na kutukutika haliwezi kutibiwa na mazungumzo ya aina yoyote, yawe ya Mbale au ya London. Kwa hiyo swali lako la kama maneno yanatoa pombe mwilini jibu lake ni hapana. Pombe hutolewa na ini na muda, na mwili uliozoea hutulizwa na dawa.

Lakini angalia mwenyewe: Ijumaa ile mwili wako haukuwa na pombe hata tone. Wiki tano zilikuwa zimepita. Hukutetemeka, hukutoka jasho. Kilichokurudisha hakikuwa damuni. CBT inaanza kazi hapo.

Kwa Kiswahili wengi huiita tiba ya utambuzi na tabia. Ilianza miaka ya 1960 huko Philadelphia, Marekani, ambako daktari Aaron Beck aliitumia kwa wagonjwa wa sonona. Baadaye wengine, hasa Alan Marlatt, waliipeleka kwenye uraibu wakauliza swali moja la msingi: mtu aliyekwisha kuacha anarudije? Si mahubiri. Si kuambiwa "fikiria mema" wala "jipe moyo". Si kukaa kitini na kueleza utoto wako mwaka mzima. Inafanana zaidi na mafunzo ya udereva: kuna somo, kuna zoezi barabarani, wiki inayofuata mnaangalia ulipogonga ukingo na kwa nini.

Msingi wake ni huu. Ubongo hujifunza kwa kuunganisha. Kwa miaka 12 malipo ya Ijumaa, sauti fulani, harufu fulani, uso wa rafiki fulani vilifuatwa na pombe, na pombe ikafuatwa na nafuu: uchovu umekwisha, aibu imekwisha, mawazo ya nyumbani yamenyamaza. Baada ya kurudiwa mara elfu, ubongo hausubiri tena pombe ifike. Ukiona tu ishara, unatoa hamu mapema. Hamu hiyo huja na fikra, na fikra ndiyo inayofungua mlango. Ukinywa, nafuu inakuja tena, na fundo linakazwa mara nyingine. Uhusiano huu haufutiki kwa kukaa mbali miezi mitatu, hulala tu. Hudhoofika pale ishara inapokuja na wewe ukafanya kitu kingine, tena na tena, mpaka ubongo upate somo jipya juu ya lile la zamani. Kwa hiyo nia peke yake haitoshi, ingawa watu wanaipigia kelele sana. Nia unayo, ungekuwa huna usingeniandikia.

Sasa tuifungue Ijumaa yako kama mtaalamu wako atakavyoifungua. Wewe umesema ulirudia pombe ulipovuta mrija. Mimi naona mrija ulikuja mwishoni kabisa mwa mnyororo mrefu. Pesa ya malori matatu imeingia kwenye simu. Hukuniandikia kama ulikuwa umekula mchana. Watu wengi wa forodhani siku ya kutoa malori hawali mpaka jioni, na njaa na hamu ya pombe ni ndugu wa karibu, moja huvaa sura ya nyingine. Umechoka. Umefanikiwa, na fikra ya "leo nimefanya kazi ya kiume" inazunguka kichwani bila kusema inataka nini. Halafu ikaja chaja.

Chaja ndiyo pete ya mnyororo ninayotaka uitazame. Ilikuwa yako kweli, na ilikuwa kwa rafiki kweli. Lakini ungeweza kuifuata Jumamosi asubuhi. Ungeweza kumtuma kijana wa boda. Ungeweza kuazima nyingine kwa saa mbili. Ukachagua Ijumaa jioni, na pesa mfukoni, kwa rafiki ambaye, nisahihishe nikikosea, ulijua anakaa wapi Ijumaa jioni. Sikulaumu wala sisemi ulikuwa unajidanganya kwa makusudi. Hizi ni zile hatua ndogo zinazoonekana hazihusiani na pombe kabisa, kila moja ina sababu nzuri iliyovaa nguo safi, na zote zinaelekea upande mmoja. Mtu anayerudia pombe karibu kila mara hupitia mbili tatu za namna hii kabla ya glasi. Na hapo ndipo kupinda ni rahisi. Kukataa chaja saa kumi na moja kunahitaji nguvu kidogo sana. Kukataa mrija saa kumi na mbili, umeshaketi, umeshasalimiwa, harufu iko puani, kunahitaji nguvu mara kumi.

Kisha ukaandika mwenyewe, bila kuulizwa, ile fikra iliyokupa ruhusa: "nisionekane najidai." Fikra hizi za ruhusa kila mtu ana zake tatu au nne anazozirudia maisha yote. "Mrija si waragi." "Nimevumilia wiki tano, nimethibitisha kwamba naweza." "Kidogo tu, kesho naacha." Kwenye kikao hamtabishana nazo kwa makelele. Mtazipima kama unavyopima hati za mzigo. Ni nani hasa kati ya waliokaa pale angekuona unajidai? Alishawahi kusema? Wapo wangapi mjini wasiokunywa, Waislamu, walokole, wenye kisukari, na nani amewatenga? Na mara ya mwisho "kidogo tu" ilipotokea, iliishia wapi? Mwishoni mnatafuta sentensi ya kuweka mahali pa ile ya zamani, na lazima iwe sentensi unayoiamini wewe. "Mimi ni mshindi" haifanyi kazi ukiwa umechoka na una njaa. "Mrija wangu wa mwisho ulidumu siku nne" inafanya kazi, kwa sababu ni kweli na una kumbukumbu yake mwilini.

Nyenzo ya kazi hii yote ni daftari. La kawaida, la shule. Gawanya ukurasa mstari kwa mstari: saa na mahali, nini kilitokea, fikra gani ilipita kichwani, kwa maneno yake yaleyale, hamu ilikuwa na nguvu gani kati ya 0 na 10, ulifanya nini, matokeo. Andika kila hamu inapokuja, hata ile ya 3, siyo tu siku ulizokunywa. Kosa ninaloliona zaidi ni watu kujaza wiki nzima usiku wa kuamkia kikao, wakiwa wamesahau kila kitu isipokuwa matukio makubwa. Daftari la namna hiyo halifundishi kitu. Kama unaogopa mtu kulisoma, tumia alama zako, au jirekodi sauti kwenye simu. Baada ya wiki mbili utaona mpangilio ambao hukuujua: pengine saa za hatari zote ziko kati ya saa kumi na saa mbili usiku, au hamu kali huja baada ya kugombana na mtu wa forodhani na si baada ya kulipwa.

Hamu yenyewe ina tabia yake, na kuijua ni nusu ya dawa. Watu hudhani hamu ikianza itapanda mpaka iwapasue, ila wakinywa itashuka. Sivyo. Hamu nyingi hupanda, hufika kileleni, na kushuka zenyewe ndani ya nusu saa mradi hujazilisha. Marlatt alifananisha jambo hili na kupanda wimbi. Wavuvi wa Majanji wanalijua: hakuna anayepigana na wimbi la ziwa, unaelekeza pua ya mtumbwi, unashika kasia, unasubiri likupitishe. Zoezi lake ni hili. Hamu ikija, tazama saa. Ipe namba. Itafute mwilini iko wapi: kooni, kifuani, mikononi, mate yanajaa mdomoni? Pumua taratibu, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuingiza, na iangalie bila kuifukuza. Kila dakika tano ipe namba upya. Fanya hivyo kwanza ukiwa nyumbani kwenye hamu ya 4, usisubiri ya 9 ndipo ujifunze. Na kama uko mahali pombe ilipo, usikae kupanda wimbi hapo. Ondoka kwanza.

Suala la malwa nalo linahitaji mazoezi yake, kwa sababu chungu kimoja na mirija mingi si kinywaji tu, ni kukaa pamoja. Anayekukabidhi mrija anakupa nafasi katika duara, na kuukataa kunaweza kuonekana kama kuikataa duara yenyewe. Kwa miezi ya kwanza ushauri wangu ni mkali: usiende kilabuni kabisa, hata kusalimia. Lakini msiba utatokea, na harusi, na huwezi kukaa nyumbani. Basi: fika mapema, salimia ukiwa umesimama, usikubali kiti kwenye duara ya chungu hata kwa dakika mbili, shika soda au chai mkononi, maana mkono mtupu hualika mrija, na uwe na saa ya kuondoka pamoja na mtu anayeijua. Jibu lako liwe fupi na la kwanza: "Hapana, mimi sinywi. Nipe soda." Acha maelezo. Ukianza kueleza unafungua mjadala, na walevi wana muda wa mjadala kuliko wewe. Wengine husema "niko kwenye dawa". Kwa wiki chache si vibaya, ila dawa huisha, na watakuuliza imeisha lini. Sentensi hiyo muitamke kwa sauti na mtaalamu wako akiigiza huyo rafiki yako, mara tano, mara kumi, naye akushinikize kweli kweli. Utajisikia vibaya kufanya maigizo ofisini. Fanya hivyo hivyo, maana mdomo ambao haujawahi kutamka maneno hayo hautayapata siku ya hukumu.

Pesa. Siku ya malipo ndiyo kichochezi chako kikuu, basi usiitegemee nia siku hiyo. Waombe wateja wanaokubali wakulipe Jumamosi asubuhi. Wasiokubali, pesa iingie kwenye laini inayokaa na mke wako, wewe ubaki na nauli na chakula. Mpango huu lazima uutoe wewe, uwe na mwisho, tuseme miezi mitatu, halafu mkae muuangalie upya. Akiupanga yeye utageuka kuwa ulinzi, na ulinzi huzaa ujanja. Kwa sababu hiyohiyo asikunuse mdomo kila jioni. Mkubaliane swali moja: "Leo namba yako ngapi?" Ukisema 7, kazi yake ni kukaa nawe nusu saa, si kuhoji. Na kula saa tisa alasiri, kila siku ya kazi, hata kama ni rolex, ile chapati ya mayai, ya kando ya barabara.

Sasa nirudi kwenye usiku ule, baada ya mrija. Malwa haina nguvu ya waragi. Umbali kutoka malwa ya saa moja mpaka waragi ya siku nne ulivukwa na fikra nyingine, naweza kuikisia: "Nimeshaharibu. Ng'ombe wawili wamekwenda. Basi." Aibu hii ndiyo humnywesha mtu chupa ya pili hadi ya kumi. Waswahili walishasema kujikwaa si kuanguka, na katika tiba hii tofauti ya hayo mawili inapangiwa mpango kabla haijatokea. Andika leo, ukiwa mzima, kwenye kikaratasi cha kukaa ndani ya pochi: nikinywa hata kidogo, naondoka mahali hapo ndani ya dakika tano, nampigia mtu mmoja, jina lake na namba yake ziwepo, sinunui nyingine, nampigia mtaalamu kesho yake, sisubiri siku ya kikao, naandika mnyororo wote daftarini. Wapo wanaoogopa kwamba kuandika hivyo ni kujipa kibali cha kunywa. Gari kubeba tairi la akiba halijawahi kuleta pancha.

Kuhusu vidonge vya chai, tafadhali mwambie mke wako asijaribu kamwe. Kinachouzwa kwa siri mara nyingi hakijulikani ni nini. Na kama ni disulfiramu, hiyo ni dawa halisi inayofanya mwili ushindwe kumalizia kuvunja pombe: anayekunywa juu yake uso hupata joto, moyo hukimbia, hutapika, shinikizo la damu linaweza kushuka vibaya, na wapo waliokufa. Dawa hiyo hutolewa kwa mtu anayejua anaitumia, ini na moyo vikiwa vimepimwa, na hajanywa kwa angalau saa 12. Zipo nyingine, naltreksoni ya kupunguza hamu na ladha ya kunywa, na akamprosati ya kusaidia aliyekwisha kuacha aendelee kubaki hivyo. Muulize daktari kama mojawapo inafaa na inapatikana. Dawa na CBT havipingani, kwa wengi hushikana mikono vizuri.

Na kurogwa? Sitabishana na mkeo, na wewe usibishane naye. Nyuma ya neno hilo kuna mtu anayesema "huyu siye mume wangu ninayemjua, kuna kitu kimemchukua", na kwa namna fulani anaona sawa. Kama familia itaenda kuombewa, nendeni. Ninachoomba ni mambo mawili: asiwepo mtu wa kukunywesha mitishamba isiyojulikana, maana ini lako limeshafanya kazi ya kutosha, na maombi yasichukue nafasi ya kikao cha wiki hiyo.

Ya wazungu sasa. Ni kweli ilizaliwa Marekani. Lakini jaribio moja kubwa lilifanyika Eldoret, ng'ambo tu ya mpaka wako, kwa watu 614 wenye VVU waliokuwa na tatizo la pombe. Mafunzo haya yaliandaliwa upya kwa mazingira ya kule, yakatolewa kwa Kiswahili, kwenye vikundi vya wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikao sita vya kila wiki, na watu waliofunzwa kazi hiyo bila kuwa na shahada za saikolojia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliopata tiba hii walipunguza kunywa kuliko wenzao waliopewa elimu ya afya ya kawaida. Kwa hiyo haihitaji Kiingereza wala kochi la ngozi.

Hata hivyo sitakuuzia muujiza. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Project MATCH, uliochapishwa 1997 na kuhusisha watu 1,726, tiba hii ililinganishwa na nyingine mbili, mojawapo ikiwa ya kumwandaa mtu kuingia vikundi vya hatua 12, yaani vya walioacha pombe wanaosaidiana, na zote zikafanya vizuri karibu sawasawa. Maana yake kwako ni kwamba kama Tororo au Malaba kuna kikundi cha walioacha pombe kinachokutana kila wiki, nacho ni tiba ya kweli, tena hakina nauli ya Mbale. Mimi ningechukua vyote viwili. Faida ya pekee ya CBT ni kwamba ujuzi unabaki nawe: ukishajua kufungua mnyororo mmoja, utaweza kufungua mingine peke yako mwaka ujao.

Pima pia kama unachopewa ndicho. Kikao kizuri ni dakika 45 hadi 60. Utaratibu mmoja unaofuatwa sana huigawa saa mara tatu: dakika 20 kupitia wiki yako na daftari, 20 kufundishwa ujuzi mmoja mpya, 20 kuufanyia mazoezi na kupanga zoezi la nyumbani. Ukienda mara tatu na daftari halijafunguliwa, au unahubiriwa tu, uliza kwa heshima: "Leo tunajifunza nini, na wiki hii nifanye zoezi gani?" Kuhusu nauli, mweleze mtaalamu waziwazi kabla hujaanza. Vikao vinne vya kwanza jitahidi ufike mwenyewe kila wiki, kisha mkubaliane kimoja ana kwa ana na kinachofuata kwa simu. Uliza pia hospitali ya Tororo kama kuna muuguzi au afisa tabibu wa magonjwa ya akili anayeweza kukufuatilia karibu.

Usisubiri kikao, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona mojawapo ya haya: kutukutika tena, kuchanganyikiwa au kuona vitu, kutapika damu au choo cheusi kama lami, macho kuwa ya manjano, kuona ukungu baada ya kunywa waragi ya kienyeji (hiyo inaweza kuwa sumu ya methanoli, na kila saa ina thamani), au fikra za kujiua. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili, na hospitali ya taifa ya Butabika, Kampala, ina wodi ya pombe na dawa za kulevya. Usingizi mbovu na hasira za karibu vinaweza kuendelea wiki kadhaa, vumilia, hupungua. Lakini kama baada ya wiki nne bila pombe bado huzuni ni nzito na hakuna kinachokufurahisha, mwambie mtaalamu, kwa sababu huenda kuna sonona inayohitaji matibabu yake.

Nunua daftari leo. Ukurasa wa kwanza uandike Ijumaa ile kuanzia saa tisa alasiri, kabla ya chaja, kila ulichofanya na kila kilichopita kichwani, mpaka uliponyanyua mrija. Ukishindwa kukumbuka sehemu, acha nafasi wazi. Nenda nao Mbale kama ulivyo.